Tangazo la Kifo cha Mzee Idarusi

Himyar bin Yaarub alishuka Muheza kwa gari moshi la asubuhi. Alipofika nyumbani kwa Mzee Idarusi alimkuta Sabiha ukumbini, mlango wazi, anapepeta mchele. Sabiha alikuwa amemwona tangu yuko kwenye kona ya duka la Asmahani. Hakunyanyuka. Miaka miwili mizima alikuwa akijipangia namna atakavyosimama siku hiyo, kanga gani atavaa, neno gani litatangulia. Leo siku imefika, kanga aliyovaa ni ya jikoni, na mikono imejaa makapi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu."

"Hujambo, Sabiha?"

"Sijambo. Umekonda."

"Na wewe umekonda."

"Basi tumelingana. Kaa hapo kwenye kiti. Baba yuko sokoni na machungwa yake, hurudi baada ya adhuhuri. Akikukuta humu ndani sijui itakuwaje."

"Nimekuja anikute."

Sabiha aliinua macho kidogo, akayateremsha upesi kwenye ungo. Sauti ilikuwa ile ile, nzito na ya taratibu, iliyokuwa ikiwanyamazisha watu madukani saa ya habari inapofika. Zamani walikaa vyumba viwili vinavyopakana kule kituo cha redio, yeye anasoma kipindi cha kina mama, Himyar anasoma habari na matangazo ya vifo. Kati yao palikuwa na kioo. Mapenzi yao yalianzia kwenye kioo kile, mmoja anasoma na mwenzake anatazama midomo.

"Nani huyo, Sabiha?" Mama yake, Bi Mwatumu, aliuliza kutoka uani.

"Mgeni, mama."

"Mgeni gani hana jina?"

Sabiha alichota mchele mwingine. "Himyar."

Kifuniko cha sufuria kilianguka. Bi Mwatumu akatokea mlangoni, mkono mmoja una mwiko, mwingine unavuta kanga kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wewe una moyo! Mimi ulinikalisha eda na mume wangu yu hai, anatembea kwa miguu yake Maramba."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilikusamehe siku ile ile. Mume wangu alirudi, nitake nini tena? Mwenye jina lake ndiye hataki." Alimtazama mifupa ya mabega, akaguna. "Naongeza mchele. Ukifukuzwa, ufukuzwe umeshiba."

Akarudi jikoni. Sabiha na Himyar walitazamana, kidogo wacheke. Lakini kicheko kiliishia njiani, kwa maana wote wawili walikumbuka.

Ilikuwa mwaka hamsini na tano. Posa ya Himyar ilikwisha pokewa na siku ya harusi inatafutwa. Alasiri moja simu ya maandishi iliingia kituoni kutoka Tanga: Msafiri, mdogo wake Mzee Idarusi, amefariki huko Maramba, jamaa waarifiwe. Mtumaji ni Idarusi mwenyewe, aliyekwenda kumuuguza. Kazi ya Sabiha ilikuwa kuzichukua simu za namna hiyo na kuziandika vizuri kwenye karatasi ya kusomwa. Aliandika huku machozi yanadondoka, akaibana simu nyuma ya karatasi kwa pini, akaomba ruhusa, akaenda kwa shangazi yake kulia. Usiku Himyar akasoma yaliyoandikwa. Na yaliyoandikwa yalikuwa kwamba Mzee Idarusi wa Muheza amefariki dunia, na anayeleta habari ni nduguye Msafiri.

Maiti na mleta habari walikuwa wamebadilishana nafasi.

Himyar hakushtushwa na jina lile, kwa kuwa alimwona Sabiha akitoka analia. Alisema moyoni, maskini, amefiwa na baba. Akasoma sauti ikimtetemeka. Siku ya tatu Mzee Idarusi alirudi kwake akakuta msiba wake mwenyewe.

Himyar alisema mbele ya wakubwa wake, na baadaye mbele ya mzee, kwamba yeye ndiye aliyesoma vibaya. Mzee Idarusi aliirudisha posa na kuapa kwamba aliyemtangaza maiti hatamwoza bintiye. Na Sabiha alinyamaza. Kila siku aliyonyamaza iliifanya ya kesho yake kuwa ngumu zaidi. Mwisho koo lilimkauka, hata akikaa mbele ya kipaza sauti haliitikii, akaiacha kazi, akarudi Muheza kupepeta mchele.

"Barua yangu ya mwisho uliipata?" Himyar aliuliza.

"Niliipata."

"Hukujibu."

"Nilichoka kuandika, Himyar. Nikishika kalamu mkono unauma."

Himyar alivuta kiti karibu kidogo, si sana. "Basi nikueleze kwa mdomo. Chuo kikuu ninakofundisha wanakuhitaji. Mwanzo nilidhani watanikalisha pale Misri mwaka mmoja tu, niwafundishe vijana kusoma habari kwa Kiswahili, kisha nirudi. Sasa darasa limekua. Wamo vijana wa pwani hii yetu, wamo wa Visiwani, wamo wa Ngazija. Na mwaka huu wameingia wasichana sita. Wanataka mwanamke aliyepata kusoma redioni awafundishe. Nikasema namjua mmoja."

"Mwanamke mmoja atoke Muheza mpaka Misri, peke yake?"

"Na mumewe."

Sabiha alipeperusha makapi, mengine yakaangukia kiatu cha Himyar. "Wajomba zako wako wapi? Posa haiji kwa mtu mmoja."

"Wamekataa. Wanasema hawarudi kwenye mlango waliorudishiwa posa. Na mama yangu anasema wanawake wamejaa Tanga, nichague mwingine yeyote."

"Bi Fakhria hajakosea."

"Sabiha, usinichokoze. Nimekaa melini siku nyingi, nimechoka. Meli ya kurudi inaondoka Mombasa Jumatano, na mwezi ujao darasa linafunguliwa. Nataka jibu moja tu, la kwako kabla ya la baba. Utakuja?"

Aliposema hivyo alimtazama kama zamani kwenye kioo, macho hayapepesi.  Sabiha akaona chumba cha darasa asichokijua, wasichana sita wamekaa, na mtu huyu yuko chumba cha pili, jioni anarudi nyumbani kwao. Alikitamani hata ungo ukasimama mikononi. Lakini neno moja katika barua lilikuwa limemkaa rohoni.

"Uliniandikia kwamba unawafundisha habari ya tangazo la baba."

"Ndiyo, somo la kwanza kila mwaka. Nawaambia, mimi mwalimu wenu nilimzika mtu hai. Wanacheka, halafu hawasahau."

"Unawaambia ulisoma vibaya?"

"Ndiyo."

"Uongo."

"Si uongo, Sabiha. Simu ilikuwa nyuma ya karatasi, imebanwa kwa pini. Ilitosha kuifunua. Sikuifunua. Anayesoma ndiye mwenye kosa, maana mdomo wake ndio uliosikika. Mwandishi wa karatasi hakuna anayemjua."

"Mimi ninamjua!" Sabiha aliweka ungo chini kwa kishindo. "Miaka miwili nalala naye. Unajua kuchoka, Himyar? Si kuchoka kwa kulima. Baba akiingia namwandalia maji, nampakulia chakula, ananiombea dua. Ananiambia, wewe ndiye faraja yangu kwa aliyonitenda yule Mwarabu. Nami nasema amina. Nasema amina, unasikia? Leo unitie darasani niwafundishe watoto wa watu kusema kweli? Niwaambie nini?"

"Punguza sauti, mama atasikia."

"Na asikie!"

"Ukimwambia baba sasa, utaniponya mimi ujivunje wewe. Ndilo nililolikimbia tangu mwanzo. Binti kwa babake si kama mchumba. Mimi akinichukia, nina kwetu. Wewe akikuchukia, utakwenda wapi?"

"Ulinificha nyuma yako bila kuniuliza."

"Nilikupenda."

"Najua." Sauti yake ilishuka. "Ndiyo maana sikuweza hata kukukasirikia. Nimebaki kujikasirikia mimi."

 Himyar alinyosha mkono kuelekea mkono wa Sabiha ulioegemea mkeka, akausimamisha katikati, akaurudisha. Jambo hilo dogo lilimwuma Sabiha kuliko kama angemshika.

Nje sauti zilisikika zikija, na moja ni ya mtu anayecheka.

"Marehemu! Kapu hili nalitua wapi?"

"Lete ndani, Ernesti. Na hilo jina lako la Marehemu ulitue huko huko nje."

"Ah, mzee wangu, soko zima wanakuita. Mimi nikikuita Idarusi watasema nimekosa adabu."

Mzee Idarusi aliingia, mrefu, kanzu imekunjwa mpaka magotini kwa ajili ya vumbi. Nyuma yake alikuwa Ernesti, Mbondei aliyemuuzia machungwa ya mashamba ya juu, ana kapu begani. Mzee aliona viatu vya mgeni kwanza, kisha mgeni mwenyewe. Himyar alikuwa amekwisha simama.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikiwa. Ernesti akatua kapu polepole, kicheko kimekwisha.

"Mwatumu!" Mzee aliita. "Nani kamfungulia huyu?"

"Mlango ulikuwa wazi, baba Sabiha," Bi Mwatumu alijibu, akaja na kusimama kizingitini. "Na chakula nimekwisha kipika. Mtu hatukanwi akiwa na njaa."

"Simtukani. Nataka atoke."

"Mzee," Himyar alisema, "nimekuja mwenyewe kwa sababu wazee wangu wamekataa kuja. Najua si adabu. Nipe maneno mawili, kisha nitatoka."

"Wewe? Maneno mawili?" Mzee alikaa kwenye kiti kingine, akapangusa jasho la shingo. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mtu aliyebeba kitu mbali na hajapata pa kukitua. "Wewe nikikupa maneno mawili utayageuza, la mbele nyuma, la nyuma mbele. Nimesikia siku hizi u mwalimu, tena wa chuo kikuu. Unafundisha nini huko? Kuua watu?"

"Nafundisha wasifanye nilivyofanya mimi, mzee."

"Mtu aliyeshindwa kusoma jina la mkwewe! Nimpe mwanangu amvushe bahari? Kesho atanitangazia na yeye kafa."

"Una haki. Kosa lilikuwa langu, nami..."

"Si lake, baba."

Sabiha alikuwa bado ameketi mkekani. Alitaka kusimama akashindwa, basi akasema hapo hapo chini, uso ukitazama mchele.

"Sabiha," Himyar alinong'ona.

"Niache. Baba, karatasi ile niliiandika mimi. Simu ilikuja sawa. Iliandikwa Msafiri amefariki, na chini jina lako. Mimi ndiye niliyeyageuza. Himyar alisoma nilichoandika."

 Chungwa moja lililokuwa juu ya kapu liliviringika mpaka ukutani, na hakuna aliyelifuata.

"Uliandika wewe?" Mzee aliuliza, kama asiyesikia vizuri. "Uliniandika mimi?"

"Ndiyo, baba. Nilipoona baba mdogo amekufa, nilikuwaza wewe. Niliwaza umekaa peke yako kwenye mlango wa watu Maramba, hujala, huna wa kukushika. Nilikuwa nakuona wewe tu. Mkono ukaandika jina lako."

"Na miaka miwili ukanyamaza."

"Niliogopa."

"Nitakupiga? Lini nimekupiga?"

"Niliogopa utaacha kunitazama unavyonitazama."

Mzee Idarusi alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama. Bi Mwatumu alitaka kusema akazuiwa kwa kiganja. Sabiha alingoja. Alidhani atasikia laana, au atasikia aambiwe afunge nguo zake. Hata hilo aliliona kama mapumziko.

"Mnajua kilichoniuma?" Mzee alianza, sauti ndogo. "Wote mnadhani ni hili jina la Marehemu. Jina si kitu, limewachekesha watu, basi. Mimi nilimzika Msafiri kwa mikono hii. Nimefika hapa nakuta uwanja umejaa. Nikasema alhamdulillahi, habari imefika, watu wamekuja kunipa pole. Naingia, watu wanakimbia. Halafu wakaanza kucheka. Mwatumu akacheka na machozi yake. Shekhe wa msikiti akacheka akashika mbavu. Wali wa matanga ukaliwa kama wa harusi. Mimi nasema, jamani, Msafiri amefariki. Wao wanasema, alhamdulillahi, Idarusi yu hai! Nikasema mara ya pili. Mtu akanipa sahani, akaniambia kula, Marehemu."

Bi Mwatumu aliziba mdomo kwa kanga.

"Kesho yake redio ikasema, Bwana Idarusi wa Muheza hakufa, tunaomba radhi. Ikaishia hapo. Ndugu yangu hakutajwa. Jamaa zetu wa Kigombe wengine mpaka leo wananiuliza, Msafiri hajambo? Nachoka kujibu. Sina ndugu mwingine, na hata siku moja hakuliliwa."

Himyar alikuwa amekaa tena bila kukaribishwa.

"Sahihisho lile niliandika mimi, mzee," alisema. "Sabiha hahusiki nalo. Nilikuwa na haraka ya kukufufua. Marehemu mwenyewe nikamsahau. Miaka miwili nafundisha somo hili, na wanafunzi wangu wote wanalijua jina lako. La Msafiri hawalijui. Hilo ndilo kosa langu, na leo ndiyo kwanza nalijua."

Mzee alimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza amtazame tangu aingie.

"Sabiha."

"Labeka, baba."

"Litangaze."

"Nini, baba?"

"Litangaze, kama mlivyokuwa mkitangaza. Nisikie mara moja tu kwa masikio yangu."

Sabiha alishika koo. Alijua litakauka. Himyar, kwa mazoea ya kituoni, aliinua kidole kimoja kumtuliza, kisha akamwashiria aanze. Na Sabiha akaanza. Sauti haikuwa ile ya redioni. Ilikuwa ya kukwaruza, na mara mbili ilikatika.

"Bwana Idarusi bin Uweso wa Muheza anasikitika kuwaarifu jamaa na marafiki kifo cha ndugu yake, Msafiri bin Uweso, kilichotokea Maramba baada ya kuugua siku nane. Habari ziwafikie shangazi zake walioko Kigombe, na Bwana Fanueli, aliyefanya naye kazi shambani, na wote waliomjua popote walipo. Amezikwa Maramba. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Alipomaliza, mzee alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, halii kwa sauti. Bi Mwatumu alikaa chini karibu na miguu yake akalia yeye kwa wote wawili, akimwita shemeji yake kwa jina. Ernesti alikuwa bado penye kapu. Alivua kofia yake.

"Pole, Mzee Idarusi," alisema. "Kumbe ulifiwa. Mimi sikujua."

"Ahsante, Ernesti. Nimeshapoa."

Baadaye waliletewa maji ya kunawa. Mzee ndiye aliyemsogezea Himyar bakuli, na hakusema kitu kuhusu kulisogeza.

"Alhamisi ijayo," alisema wali ukiwa katikati, "tunakwenda Maramba kumsomea Msafiri khitma. Wote. Na watu wa Kigombe waitwe."

Himyar aliacha tonge njiani. "Alhamisi, mzee?"

"Una neno?"

"Meli yangu inaondoka Jumatano."

Hakuna aliyemsaidia. Sabiha alitazama sahani. Hakutaka kumwomba abaki. Alikuwa amemwomba vya kutosha kwa kunyamaza. Alimsikia akivuta pumzi, namna alivyokuwa akivuta kabla ya kusoma habari ndefu.

"Nitawapigia simu chuoni kwamba nimefiwa," Himyar alisema. "Wakinisubiri, vyema. Wasiponisubiri, basi darasa watapewa mwalimu mwingine, nami nitatafuta kazi hapa hapa."

"Umefiwa na nani?" mzee aliuliza.

"Na baba yangu mdogo."

Mzee alitafuna, akameza.

"Kiapo changu nilikula kwa kosa ambalo si lako. Kafara ya kukivunja ni kulisha maskini kumi. Tutawalisha Maramba, siku hiyo hiyo. Lakini posa ya mtu mmoja mimi siijui. Wajomba zako waje."

"Hawatakuja, mzee. Wameapa nao."

"Kwenye posa hawatakuja. Waite kwenye khitma. Nani Mwislamu anakataa khitma? Wakishakula wameshiba, tutakuwa na mazungumzo. Na mama yako mlete, akae na Mwatumu. Wakigombana, wagombane huko huko."

"Mimi sigombani na mtu," Bi Mwatumu alisema.

"Ewe!" mzee alisema, na Ernesti akacheka kidogo, akajizuia.

Wakaanza kuhesabu watu: nani ataitwa kutoka Kigombe, nani ana gari la kukodi, mchele wa kutoka wapi. Mzee alisema jambo, Himyar akalikataa kwa adabu, mzee akalirudia kwa sauti kubwa zaidi. Walikuwa wakibishana kama watu walioanza zamani. Mara moja mzee aligeuka kumwuliza Sabiha kama shangazi wa Kigombe bado ana nguvu za kusafiri.

Sabiha hakujibu. Alikuwa ameegemea ukuta, ubavuni pa ungo wake, kichwa kimelala begani, mkono umefunguka juu ya mkeka. Himyar alitaka kumwamsha.

"Mwache," Mzee Idarusi alisema, akavua koti lake la juu ya kanzu akamfunika binti yake miguu. "Shangazi atakuja. Mwache alale."